Kadi ya Dozi na Wanawake wa Magurudumu wa Isaka

Kama umeambiwa juzi tu kwamba una kifua kikuu, jiandae kwa wageni. Watakuja wawili wawili, watakaa karibu na mlango, watakuletea machungwa na kukusimulia jinsi shangazi wa fulani alivyougua hivyohivyo na hakumaliza mwezi. Pokea machungwa. Usiwabembeleze wabaki, maana wengi wao wamekuja kuhakikisha kama umekonda kweli ili wakatoe taarifa sokoni. Nasema haya nikiwa nimepona, kilo zangu zimerudi, na sina haja ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Isaka, nyuma ya reli, karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri mizigo. Wananiita Mama Kulwa kwa sababu ya mapacha wangu, Kulwa na Doto, mabinti wa darasa la sita. Mume wangu yuko Geita kwenye machimbo. Nyumbani anakuja Krismasi na misibani, na siku nyingine zote anapiga simu kuuliza kwa nini mambo hayajaenda alivyoagiza.

Kikohozi kilinianza wakati wa kuvuna pamba. Pamba ikavunwa, ikapimwa, ikapakiwa kwenye malori, mimi nakohoa tu, na muda wote huo mwenye duka la dawa alikuwa ananiuzia dawa ya maji ya kifua kwa uso wa mtu anayejua anachofanya. Hakujua chochote. Na mimi nilikuwa mjinga vilevile, maana chupa ya nne niliinunua kwa miguu yangu mwenyewe. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikohoa damu juu ya gauni jeupe la kipaimara la mtoto wa watu, likiwa limebaki pindo tu. Nililiosha mara tatu, doa halikutoka, ndipo nikaenda kituo cha afya.

Pale kituoni sisi wa kifua hatukai ndani na wengine. Tuna benchi letu nje, mahali penye upepo, na kila apitaye anavuta kanga puani kana kwamba tumeoza. Nilikaa pale asubuhi nzima na kikopo cha makohozi mkononi, nikiwahesabu waliojifanya hawanifahamu. Walikuwemo watatu niliowashonea sare za kwaya. Nesi aliyeniita, Nesi Pendo, alinipima uzito, kilo arobaini na tatu, akaniambia ugonjwa wangu kwa jina lake bila kupepesa macho. Dozi ni miezi sita, kila siku, bila kuruka. Akasema nichague msimamizi, yaani mtu wa kuniona nikimeza kila siku na kuweka tiki kwenye kadi. Nikamtaja wifi yangu Sabina, dada wa mume wangu, kwa sababu tunaishi ua mmoja, na kwa sababu siku ile akili zilikuwa zimenitoka.

Jioni mume wangu akapiga simu. Nesi alikuwa amenieleza kwamba baada ya wiki chache za dawa mtu haambukizi tena, nikamwambia hivyo. Hakutaka kusikia. Alikuwa ameshazungumza na mama yake kule Kishapu.

"Watoto wanakwenda kwa bibi yao," alisema. "Watarudi ukimaliza dozi na makohozi yakitoka safi. Si kabla."

Kesho yake asubuhi Sabina akawapeleka. Doto alikataa kunipungia mkono kwa sababu alikuwa analia, Kulwa akampungia kwa niaba yake. Kuanzia siku ile nilikuwa na jambo moja tu duniani, makohozi safi ili wanangu warudi. Kupona kwenyewe nilikuona ni habari ya baadaye.

Sasa nitakuambia kuhusu vile vidonge. Mkojo utakuwa mwekundu. Nesi aliniambia, lakini sikuwa nasikiliza, kwa hiyo mara ya kwanza nilipiga ukelele chooni hadi Sabina akaja na tochi, kisha akakataa kuingia. Magoti yatauma. Harufu ya dagaa wa kukaanga itakutoa nyumbani kwako. Mimi ni fundi, na kila baada ya wiki mbili niliyapunguza magauni yangu mwenyewe, nakata, nashona, mpaka nikachoka nikawa nafunga kitenge kwa kamba. Kuna wema mdogo mdogo pia, sitaukana. Kuna dereva mmoja wa lori aliyekuwa akininunulia uji wa ulezi bila kuniuliza hali yangu. Ndiye mgeni pekee niliyempenda mwaka ule, na jina lake sikuwahi kulijua.

Wateja walikimbia. Mwezi mmoja kabla ya Krismasi, wakati fundi hapati hata nafasi ya kula, walikuja kuchukua vitambaa vyao visivyokatwa. Mmoja alisimama barabarani akataka nimrushie. Nilikirusha kikaangukia kwenye tope, na ninakiri nililenga.

Waliobaki kuniletea kazi walikuwa wale wanawake wa magurudumu, na nilikuwa nawadharau kuliko wote.

Lazima nieleze, maana mtu wa mbali atadhani homa ilinipanda. Mama Neema ni mwanamke wa miaka hamsini, mpana, muuza viatu vya mitumba. Miaka michache iliyopita alinunua belo la viatu vya michezo bila kulifungua. Alipolifungua, siku ya gulio, mbele ya wateja, lilikuwa limejaa viatu vya magurudumu manne manne. Soko zima lilimcheka, mimi nikiwa mstari wa mbele. Hakuna aliyenunua. Badala ya kuvitupa, binti yake akatafuta kwenye simu vinatumikaje, akaona wanawake wa nchi za nje wanavyovivaa na kusukumana wakizunguka uwanja. Wakaanza kujifunza kwenye ghala la zamani la pamba, ambalo sakafu yake ya saruji imelainishwa na miaka ya marobota kuburutwa. Baada ya hapo Kahama wakaunda timu, Shinyanga wakaunda, na Geita wakatoa timu ya wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu. Sasa wanaiita ligi.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila upande watano. Mmoja wao anavaa nyota kwenye helmeti, na kazi yake ni kuwapita wapinzani huku wakizunguka. Wengine wote kazi yao ni kumzuia kwa nyonga na mabega. Mikono hairuhusiwi. Hiyo ndiyo shughuli inayowatoa mama wazima nyumbani, wenye waume na wajukuu, wakiwa wamevaa helmeti za bodaboda. Niliwaona kama watu waliokosa kazi.

Mama Neema alikuja kwangu kutaka kinga za magoti. Alikaa kwenye stuli karibu na cherehani, si mlangoni, akatoa sponji la godoro na tyubu za baiskeli za kukata mikanda.

"Shikamoo dada," nikamwambia. "Umesikia nina nini?"

"Marahaba. Nimesikia. Unaweza kushona sponji?"

Nikashona. Kinga za magoti, za viwiko, vifuniko vya nyota vya helmeti. Siku moja nilienda ghalani kupima, nikakaa kwenye mlango mkubwa penye hewa, nikatazama kwa kebehi. Nikaona wana desturi yao moja ya ajabu. Hakuna anayejifunga mwenyewe mikanda. Mwenzake anapiga goti, anamfunga viatu na kinga, anavuta kila mkanda kwa mkono, kisha anasema, "Nimekufunga." Mkanda ukifunguka mchezoni, anayetolewa nje ni aliyefunga. Aliyefungwa anaendelea. Waliianzisha baada ya mmoja wao kuficha mkanda uliokatika kwa hamu ya kucheza, akavunjika kifundo cha mkono. Mimi nikacheka moyoni. Shule ya chekechea, nikasema, inayoongozwa na mabibi.

Wakati huo usimamizi wangu mimi ulikuwa unakwenda hivi. Sabina ni mchuuzi wa magulio, leo yuko huku, kesho kule. Jumatatu asubuhi alikuwa anachukua kadi yangu ukutani, anaweka tiki saba za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, anairudisha, anaondoka. Kunitazama hakunitazama. Ugonjwa wangu aliuogopa, kadi hakuiogopa. Nami nilifurahi. Siku tumbo lilipochafuka nilikidondosha kidonge kwenye kopo la vifungo. Mwanzoni kimoja kwa wiki, baadaye viwili, baadaye sikuwa nafuatilia. Kadi yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mgonjwa yeyote wa Isaka.

Mwezi wa pili ulipoisha, baada tu ya Krismasi ambayo watoto hawakuja, nilipima tena. Bado wadudu walikuwemo. Nesi Pendo aliitazama kadi, akanitazama, akaitazama tena. Alisema atatuma sampuli kubwa zaidi Mwanza kuangalia kama dawa zimeshindwa. Kama zimeshindwa, kuna dozi nyingine, ndefu na kali zaidi. Akaniuliza kama nameza. Nikasema, kadi si unaiona?

Nilikuwa mwongo, na mwongo mpumbavu, kwa sababu nilikuwa najidanganya mwenyewe kwa hasara ya wanangu. Ndugu za mume wangu walifanya kikao bila mimi. Ikaamuliwa kwamba kama mtu anameza kila siku na haponi, basi kuna mkono wa mtu, na kuna mganga upande wa Ushirombo anayejua kuutoa. Sabina ndiye aliyesema kwa nguvu kuliko wote, na tiki zake zikiwa ukutani. Mimi nikakubali. Niandikie hapo, nilikubali kwenda kwa mganga, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Nimewasema wengi katika simulizi hii, lakini wa kudharauliwa zaidi nilikuwa mimi.

Kesho yake Mama Neema alikuja na mkanda uliokatika kifungo chake cha chuma. Nilikuwa nimelala. Akasema nisiamke, atajitafutia kwenye kopo la vifungo. Nikasikia kopo likifunguka. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama, vidonge vimejaa kiganjani, anaitazama kadi ukutani.

Hakunifokea. Alinuna tu, akavifunga kwenye kitambaa, akasema vaa. Tukaenda kituoni mguu kwa mguu, mimi nikipumzika kila nguzo ya umeme, yeye akisimama kunisubiri bila kunishika. Akaweka vile vidonge mezani kwa Nesi Pendo. Nesi alivihesabu kimoja kimoja. Nilitegemea anifukuze. Akachukua kadi mpya na kuniuliza msimamizi ni nani.

"Niandike mimi," akasema Mama Neema.

Njiani kurudi akaniambia masharti yake. Atakuja kila asubuhi kabla ya kufungua meza yake sokoni. Atakaa mpaka nimeze, na nitafungua mdomo aone. Siku nikikosa, yeye hatacheza mechi inayofuata. Nikamwambia acheze asicheze, mimi inanihusu nini. Akasema mimi halinihusu, linamhusu yeye.

Majibu ya Mwanza yalikuja wakati pamba changa inapaliliwa. Dawa hazikuwa zimeshindwa. Ni mimi tu niliyekuwa sizimezi. Safari ya Ushirombo ikafa, habari ya zile tiki ikafika mpaka Kishapu, na Sabina akaacha kunisalimia, jambo ambalo nalihesabu kati ya nafuu nilizopata.

Basi zikaanza asubuhi za Mama Neema. Sijui kama umewahi kutazamwa mdomoni kila siku na mwanamke aliyevaa kinga za magoti. Inaudhi. Alikuja mvua ikinyesha, alikuja ana homa, alikuja siku ya msiba wa kaka yake, akakaa kwenye stuli ileile na kusema "aah" ili niseme "aah". Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Nikaanza kuongezeka. Kilo arobaini na sita. Arobaini na tisa. Magauni niliyoyapunguza nikaanza kuyaachia, mshono kwa mshono, na nywele zilizokuwa zinang'oka zikarudi kushika mizizi.

Halafu nikaharibu. Ilikuwa Jumamosi, mvua za mwisho mwisho, na mchana timu ya Isaka ilikuwa inacheza na Geita. Ijumaa nilikuwa nimezungumza na mama mkwe. Alisema watoto wamezoea, wana kuku wao, wana marafiki, hakuna haraka. Sikulala vizuri. Mama Neema alipokuja asubuhi nilijawa na chuki kwa kila mtu, nikaweka dawa chini ya ulimi, nikafungua mdomo, alipoondoka nikatema kwenye beseni la nguo. Nilijisikia vizuri kwa muda kama wa kuchemsha chai.

Mchana nikapeleka kifuniko kipya cha nyota ghalani. Wanawake wa Geita walikuwa wameshafika, wamekaa chini wanakula viazi, mabega yao kama magunia yaliyojazwa sawasawa. Wa kwetu walikuwa wanafungana mikanda. Aliyezoea kumfunga Mama Neema alikuwa amechelewa. Mama Neema akanyoosha mguu mbele yangu, bila hata kunitazama, kama mtu anayempa kazi fundi wake.

"Nifunge wewe, Mama Kulwa."

Nikapiga goti. Mikanda niliishona mwenyewe, naijua. Nikafunga kiatu cha kulia, cha kushoto, nikafunga kinga, nikavuta kila mmoja. Yote ilikuwa imara. Kilichobaki ni kusema lile neno lao, nimekufunga, na wenzake wamesimama wanasubiri waingie. Sikuweza. Nilitazama saruji ile nikasema kwa sauti ndogo, "Dada, asubuhi nimetema."

Akavua helmeti, akainama akafungua mikanda yote niliyoifunga, akaenda kukaa kwenye robota la zamani karibu na mlango. Refa alimuuliza ana nini. Akasema ana adhabu. Kwenye begi lake alikuwa na vidonge vyangu vya wiki na chupa ya chai, akanipa, nikameza mbele ya timu mbili na watazamaji, nikafungua mdomo.

Isaka walifungwa vibaya. Mama Neema ndiye anayesimama katikati kuzuia, na bila yeye wale wa Geita walipita kama nyumba haina mlango. Hakuna aliyenilaumu. Nilitamani hata mmoja anilaumu ili nipate wa kumjibu. Nilikaa pale mpaka mwisho, nikilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Dawa sikuitema tena, si kwa sababu ya afya yangu, sitakudanganya. Niliogopa kumwona mwanamke yule amekaa nje.

Pamba ilipoanza kupasuka tena shambani, nilimaliza. Nesi Pendo alinipa mwezi wa ziada kwa ajili ya ule upuuzi wangu wa mwanzo, nikaumaliza nao. Makohozi yalitoka safi. Kilo hamsini na nane. Nilimpigia mume wangu hapohapo kwenye benchi. Akasema vizuri, akija Krismasi tutakaa tuone kuhusu watoto. Nikakata simu. Ni mara ya kwanza katika ndoa yetu.

Siku iliyofuata nilikwenda Kishapu. Mama Neema alifunga meza yake akaja nami, sikumwomba. Mama mkwe alikuwa anaanika michembe ya viazi uani. Tukamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama, akaitikia bila kuacha viazi vyake. Nikampa karatasi ya majibu. Akaigeuza, akanirudishia.

"Kusoma sijui," alisema. "Na Sabina naye aliweka tiki. Tiki siziamini tena. Nani alikuona ukimeza?"

Mama Neema akasogea.

"Mimi, mayu. Kila siku. Dozi moja aliitema, na kwa hiyo nilikaa nje."

Mama mkwe hakuuliza kukaa nje ndiyo nini. Alimtazama usoni, akamtazama magoti yenye makovu, akajifuta mikono. Kisha akaita watoto walete mabegi. Mimi ninayewacheka wanaolia mbele za watu nilikaa chini kwenye michembe ya watu nikalia kwa sauti. Mabegi hayakuhitaji kufungwa. Doto alikuwa amekaa juu ya lake nyuma ya mlango tangu aliposikia sauti yangu, na Kulwa ameshavaa viatu.